Maisha ya Imamu Ghazali, na Jinsi Akili Yake Ilivyokua Tangu Utoto Hata Utu Uzima

Bismillahi Rahmani Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemjaalia mwanadamu kukua kidogo kidogo, mwili wake na akili yake, wala hakumpa yote kwa siku moja. Na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu, katika miji yetu ya pwani kuna ushindani usiokwisha baina ya watu wa namna mbili. Wa kwanza husema ya kuwa elimu ni kuhifadhi, na mtoto asiyeshika maneno kwa moyo hana alichosoma. Wa pili husema ya kuwa kuhifadhi ni kazi ya kasuku, na kwamba yapasa mtoto afahamishwe maana ya kila neno tangu siku ya kwanza, au asisomeshwe kabisa. Na baina ya hawa wawili watoto wetu hupotea. Wengine hupigwa mpaka wakakichukia chuo na kila kilichomo, na wengine huachwa mpaka wakafikia kubaleghe na vifuani mwao hamna hata Juzuu Amma.

Mimi nimesomesha watoto wa alifu na be, na nimesomesha vijana wa fiqhi katika madrasa, nami naona ya kuwa kila mmoja katika wawili hao ameshika nusu ya haki, akaiacha nusu. Kosa lao ni moja: wamesahau kwamba akili ina umri kama mwili ulivyo na umri. Chakula cha mtoto anyonyaye sicho chakula cha mtu mzima, na kila kimoja kikitolewa si kwa wakati wake hudhuru. Wala sioni dalili iliyo wazi zaidi ya jambo hili kuliko maisha ya mtu mmoja ambaye sote twamjua kwa jina, naye ni Imamu Abu Hamid Al-Ghazali, Mungu amrehemu.

KUZALIWA KWAKE

Jina lake ni Muhammad bin Muhammad bin Muhammad, kunya yake ni Abu Hamid, na lakabu yake ni Hujjatul Islam, yaani hoja ya Uislamu. Alizaliwa mwaka 450 wa Hijra, sawa na mwaka 1058 wa Miladi, katika mji wa Tabaran, nao ulikuwa mmoja wa miji ya Tus katika nchi ya Khurasan. Mahali hapo leo ni upande wa kaskazini mashariki ya Iran, karibu na mji wa Mashhad.

Imepokewa ya kuwa baba yake alikuwa mtu fakiri, akisokota sufi na kuiuza dukani kwake, wala hali ila kilichotoka katika kazi ya mkono wake. Hakubahatika kujifunza kuandika. Lakini akipenda sana kukaa katika vikao vya mafakihi, na akiwasikia hulia na humwomba Mungu ampe mtoto atakayekuwa fakihi. Kisha huenda kwa wawaidhi, na huko nako hulia na huomba apewe mtoto atakayekuwa mwenye kuwaidhi watu. Mungu akaitikia dua zote mbili: Muhammad akawa fakihi mkubwa wa zama zake, na ndugu yake Ahmad akawa mwaidhi ambaye mawaidha yake yakiyeyusha nyoyo za watu.

Na hapa pana jambo la kuzingatia kwa kila mzazi. Watoto wawili wa nyumba moja, baba mmoja, umaskini mmoja na mlezi mmoja, na kila mmoja akili yake ilielekea njia yake. Huyu alipenda kuuliza na kubishana na kupima hoja, na yule alipenda kusikia na kulainika na kulainisha wengine. Wala hakuna aliyemshurutisha Ahmad awe kama Muhammad.

UKIWA NA KUINGIA MADRASA

Baba yao alipoona mauti yamekaribia, aliwausia watoto wake kwa rafiki yake, mtu mwema katika masufi. Akamwambia ya kuwa yeye ana majuto makubwa kwa kukosa kujifunza kuandika, naye apenda kile kilichompita yeye kisiwapite watoto wake, basi awasomeshe, hata ikiwa mali yote aliyowaachia itakwisha katika jambo hilo. Mzee yule akaitimiza amana, akawafundisha mpaka zile fedha chache zikaisha. Naye mwenyewe alikuwa fakiri, hana cha kuwalisha. Akawashauri waingie madrasa kama wanafunzi, maana huko mwanafunzi hupata chakula chake.

Basi Imamu mkubwa huyu aliingia madrasa kwa sababu ya mkate. Na yeye mwenyewe alikuwa akilitaja jambo hili baadaye bila ya kulificha, ya kuwa walianza kuitafuta elimu kwa ajili ya kitu kingine kisichokuwa Mungu, lakini elimu yenyewe ikakataa ila iwe ya Mungu. Asidharauliwe, basi, mtoto wa maskini anayekuja chuoni akitazamia tende na bakuli la uji. Nia nayo hukua, kama akili inavyokua.

WAKATI WA KUSHIKA

Masomo yake ya kwanza ya fiqhi aliyasoma katika mji wake wa Tus kwa mwalimu aitwaye Ahmad Ar-Radhkani. Kisha, angali kijana, akasafiri mpaka Jurjan, karibu na bahari ya Khazar, akasoma kwa mwanachuoni wa huko wa nyumba ya Al-Ismaili. Kila alilolisikia kwa shekhe wake aliliandika katika makaratasi, akayakusanya na kuyafunga, kama wanafunzi wa zama zile walivyokuwa wakifanya. Hayo makaratasi ndiyo yaliyokuwa hazina yake.

Alipokuwa akirejea kwao, wanyang'anyi waliwakatia njia, wakachukua kila walichokuwa nacho, wakenda zao. Imepokewa ya kuwa kijana Ghazali aliwafuata nyuma. Mkubwa wao akageuka, akamwonya arudi asije akaangamia. Ghazali akamsihi amrudishie yale makaratasi tu, kwani wao hayawafai kitu. Mnyang'anyi akamwuliza ni makaratasi gani hayo. Akamjibu ya kuwa ni maandishi yaliyo katika mfuko ule, ambayo kwa ajili yake aliihama nchi yake ili ayasikie na ayaandike na aijue elimu iliyomo. Yule mtu akacheka, akamwuliza yawaje adai kuwa ameijua elimu yake, hali wao wameichukua, naye amebaki mtupu? Kisha akaamrisha arudishiwe mfuko wake.

Neno hili lilimwingia Ghazali kama mshale. Aliliona kuwa ni Mwenyezi Mungu aliyemsemesha kwa ulimi wa mwizi ili amwongoze. Akarudi Tus, akakaa miaka mitatu akiyahifadhi yote aliyokuwa ameyaandika, mpaka ikawa, lau angenyang'anywa tena, hakuna mnyang'anyi ambaye angeweza kuchukua kitu katika elimu yake.

Sikilizeni, enyi msemao ya kuwa kuhifadhi hakuna faida. Huyu ndiye mtu ambaye akili yake ilizipima falsafa zote za Wayunani, na mlango wake wa kwanza ulikuwa huu. Mtu hawezi kupima asichokuwa nacho. Mizani bila ya kitu ndani yake ni mbao na kamba tu. Na wakati wa ujana ndio wakati wa kujaza ghala, kwa kuwa moyo wa kijana hushika upesi na hausahau, kama udongo mbichi unavyopokea alama ya kidole.

WAKATI WA KUPIMA

Lakini Ghazali hakuishi ndani ya ghala. Baada ya miaka ile mitatu alisafiri mpaka Nishapur, mji mkubwa wa Khurasan, katika Madrasa Nidhamiya. Mwalimu wa hapo alikuwa Abul Maali Al-Juwaini, Imamu wa Kishafii na bingwa wa elimu ya kalamu, aliyeitwa Imamul Haramain kwa kuwa alikaa Makka na Madina akisomesha na kutoa fatwa. Kwake Ghazali alisoma fiqhi, na usuli, na mantiki, na namna ya kujadiliana. Hapa akili yake iliingia umri wake wa pili. Huko Jurjan alikuwa akiuliza shekhe amesema nini, na hapa alianza kuuliza shekhe amesema hivyo kwa dalili gani, na yule aliyemkhalifu ana dalili gani, na ipi katika dalili mbili iliyo nzito.

Akaanza kutunga vitabu hali mwalimu wake yu hai. Na Imamul Haramain, kama ipasavyo mwalimu, hakumziba mdomo mwanafunzi wake kwa kuwa amejua kuuliza. Alimwacha akajadili, akamwacha akawasomesha wenziwe. Alikaa naye mpaka mwalimu alipofariki mwaka 478 wa Hijra, 1085 wa Miladi.

Baada ya hapo Ghazali alikwenda katika kambi ya waziri Nidhamul Mulk, waziri wa masultani wa Kisaljuki, na yeye ndiye aliyezijenga zile madrasa za Nidhamiya. Kikao chake kilikuwa kimejaa wanavyuoni wakijadiliana mbele yake. Ghazali akawashinda kwa hoja, na mwaka 484 wa Hijra, 1091 wa Miladi, waziri akamfanya mwalimu wa Nidhamiya ya Baghdad. Umri wake ulikuwa miaka 34 kwa hesabu ya mwezi.

Baghdad alisomesha wanafunzi 300. Khalifa alimsikiliza, na mawaziri walimheshimu. Miongoni mwa vitabu vyake vya fiqhi ni Basitu, na Wasitu, na Wajizu. Na sisi Mashafii wa pwani tusisahau ya kuwa kile Wajizu alikisherehesha Imamu Ar-Rafii, na sherehe hiyo Imamu An-Nawawi aliifupisha katika Raudha. Kwa hiyo anayekaa leo msikitini Lamu au Unguja na Minhaji ya Nawawi mkononi mwake, anakunywa maji ya mto ambao Ghazali ni mmoja wa chemchemi zake.

SHAKA

Yeye mwenyewe amesimulia habari za akili yake katika kitabu kidogo alichokiandika hali amepita miaka khamsini, nacho ni Al-Munqidh mina Dhalali, maana yake mwokozi kutoka katika upotevu. Humo ameeleza ya kuwa tangu ujana wake, kabla ya kufika miaka ishirini, hakuacha kuchunguza itikadi ya kila kundi, na kwamba kiu hiyo Mungu aliitia katika tabia yake, wala si yeye aliyeitafuta. Aliona watoto wa Manasara hukua kuwa Manasara, na watoto wa Mayahudi hukua kuwa Mayahudi, na watoto wa Waislamu hukua kuwa Waislamu. Akajiuliza: je, ni lipi katika haya ninayoyaamini nililolijua kwa hakika, na ni lipi nililolichukua kwa wazee wangu na walimu wangu tu?

Akajiwekea sharti ya yakini. Kulijua jambo kwa yakini ni kama kujua ya kuwa kumi ni nyingi kuliko tatu. Hata akija mtu akadai kuwa tatu ni nyingi, na akaigeuza fimbo kuwa nyoka mbele ya macho yako ili kulithibitisha neno lake, utastaajabu jinsi alivyoigeuza, lakini hutakuwa na shaka katika hesabu yako. Kisha akaitazama elimu yake yote kwa sharti hiyo, akaona hakuna inayosimama ila yale yajulikanayo kwa hisi za mwili na yale yajulikanayo kwa akili bila ya dalili.

Akazijaribu hisi. Jicho hukitazama kivuli likakiona kimesimama, na baada ya saa moja hujua ya kuwa kilikuwa kikienda. Jicho huiona nyota ndogo kama dinari, na elimu ya hesabu huonyesha ya kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Basi hisi zimesema uongo, na akili ndiyo iliyozikadhibisha. Akajiambia nafsi yake: labda nyuma ya akili kuna hakimu mwengine, naye akija ataikadhibisha akili kama akili ilivyozikadhibisha hisi. Je, mtu hafikiri katika ndoto kuwa ayaonayo ni kweli, hata akiamka akajua hayakuwa kitu?

Ugonjwa huu wa shaka ulimkaa kama miezi miwili. Haukuondoka kwa hoja, maana hoja haijengwi ila juu ya msingi, na msingi wenyewe ndio uliokuwa umetikisika. Uliondoka kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia katika kifua chake.

Nimelisimulia jambo hili kwa urefu kwa sababu ya baba mmoja mmoja anayekuja kwa walimu akilalamika ya kuwa mwanawe, ambaye jana alikuwa akiitikia kila neno, leo anauliza maswali ya ajabu, naye anaona kuwa kijana ameharibika. Ewe ndugu yangu, si kila anayeuliza amepotea. Huenda akili yake imevunja jino la utoto na jino la utu uzima linaota, na kuota kwa jino kuna homa. Ukimpiga mdomo kwa swali lake, swali halitatoka. Litazama ndani, na litazaa huko usikokuona. Mpeleke kwa mwenye elimu amjibu, na umwombee dua.

ALIVYOVIPIMA VIKUNDI

Alipopona, Ghazali alivigawa vikundi vya watafutao haki kuwa vinne: watu wa kalamu, na Batiniya, na wanafalsafa, na masufi. Akaingia katika kila kimoja. Tazameni insafu yake. Alipotaka kuwajibu wanafalsafa hakuanza kwa matusi. Alisoma vitabu vyao peke yake, bila ya mwalimu, katika saa alizoziiba baina ya kusomesha na kutunga, kwa muda usiofika miaka miwili, kisha akakaa karibu mwaka mzima akiyarudia na kuyafikiri. Akatunga kwanza kitabu cha kueleza makusudio yao bila ya kuyapinga. Ndipo akatunga Tahafutul Falasifa, akawajibu katika masuala 20. Na katika hayo hakuwakufurisha ila kwa matatu: kusema kwao ya kuwa ulimwengu hauna mwanzo, na ya kuwa Mungu hajui mambo madogo madogo kila moja kwa lake, na ya kuwa miili haitafufuliwa. Na elimu zao za hesabu na mantiki hakuzitupa. Aliona ya kuwa anayeitetea dini kwa kuikataa hesabu iliyo sahihi, yeye ndiye anayeidhuru dini.

Hii ndiyo akili iliyokomaa: kulijua neno la mpinzani wako kama anavyolijua mwenyewe, kabla ya kulijibu.

KUFUNGWA ULIMI

Kisha akawafikia masufi. Akavisoma vitabu vyao, akakifahamu kila kilichoweza kufahamika kwa kusoma. Hapo akatambua jambo ambalo hakulijua alipokuwa akijadiliana Nishapur, nalo ni kuwa kujua maana ya afya si sawa na kuwa na afya. Tabibu mgonjwa aijua afya na dawa zake na sababu zake, naye hana afya. Basi yeye aliujua uchaji kwa ulimi, na elimu hii haipatikani ila kwa kuonja.

Akaitazama hali yake: amezama katika dunia. Akaitazama kazi yake, na bora yake ni kusomesha, akaona ya kuwa nia yake katika kusomesha ni cheo na kuenea kwa sifa. Huu ni mtihani mkubwa kwa sisi wenye kusomesha, nao hauponyoki kwa kilemba. Akataka kuondoka Baghdad, asubuhi nia ikitimia na jioni ikivunjika. Hali hii ilianza mwezi wa Rajabu mwaka 488 wa Hijra, 1095 wa Miladi, ikaendelea karibu miezi sita. Mwisho wake Mungu aliufunga ulimi wake. Alijitahidi asomeshe hata siku moja kuwaridhi wanafunzi, ulimi usitamke neno. Huzuni ikaingia moyoni, chakula kikawa hakishuki, nguvu zikaisha, na matabibu wakakata tamaa.

Akamwelekea Mola wake kwa maelekeo ya mtu asiye na hila, na Mola akamsahilishia kuiacha jaha na mali. Akagawa aliyokuwa nayo, asibakishe ila ya kumtosha yeye na riziki ya watoto wake, akatoka Baghdad katika mwezi wa Dhulqaada mwaka ule ule. Umri wake ulikuwa miaka 38.

SAFARI NA UPWEKE

Alifika Sham, akakaa karibu miaka miwili, hana kazi ila upweke na kuipiga vita nafsi yake. Alikuwa akipanda mnara wa msikiti mkuu wa Damascus, akajifungia mlango mchana kutwa. Kisha akaenda Baitul Maqdis, akiingia katika Kuba la Mwamba kila siku. Akazuru kaburi la Nabii Ibrahimu, akahiji Makka na akamzuru Mtume, sala na amani zimshukie, kisha watoto wake wakamvuta kwa dua zao akarejea kwao.

Katika miaka hiyo ya kujitenga, iliyofika 11, ndimo alimotunga Ihyau Ulumiddin. Kitabu hicho kina vitabu 40 katika robo nne: robo ya ibada, robo ya mila za maisha, robo ya yenye kuangamiza, na robo ya yenye kuokoa.

ALIYOYAANDIKA JUU YA KUKUA KWA AKILI

Na mtu huyu aliyepita katika kushika, na kupima, na shaka, na kuonja, aliketi akatuandikia namna ya kumlea mtoto. Haya ni muhtasari wa maneno yake.

Kwanza, ameeleza ya kuwa mwanadamu huzaliwa hana khabari ya chochote. Hufunguliwa hisi moja baada ya nyingine: kugusa, kisha kuona, kisha kusikia, kisha kuonja. Anapokaribia miaka 7 hupewa kupambanua. Kisha hupandishwa daraja ya akili, akajua lililo wajibu, na linalowezekana, na lililo muhali. Na nuru hii ya akili huanza kung'ara katika umri wa kupambanua, ikaendelea kukua kwa siri, pole pole, mpaka ikatimia karibu na miaka 40. Nani, basi, amtakaye mtoto wa miaka 8 awe na akili ya mtu wa miaka 40?

Pili, amesema kuwa itikadi apewe mtoto mwanzo wa kukua kwake ahifadhi, na maana zake zitamfunukia kidogo kidogo kadiri ya ukubwa wake. Mwanzo ni kuhifadhi, kisha kufahamu, kisha kuamini na kuyakinisha. Hapa wale wagombanao wawili wanapatanishwa. Anayesema kuhifadhi amesema kweli katika mwanzo, na anayesema kufahamu amesema kweli katika kinachofuata. Na kosa ni kwa anayesimama mwanzo asiendelee, na kwa anayetaka mwisho bila ya mwanzo.

Tatu, mtoto ni amana kwa wazazi wake, na moyo wake ni johari safi isiyo nakshi, hukubali kila nakshi. Alama ya kwanza ya akili yake ni haya, basi mtoto mwenye haya asivunjwe. Akifanya jambo zuri asifiwe mbele za watu. Akikosa mara moja ajifanye baba hakuona, na akirudia akemewe kwa siri. Wala lawama zisizidi, kwani mtoto aliyezoea kulaumiwa, lawama kwake huwa nyepesi na maneno hayamwingii tena moyoni.

Nne, baada ya kutoka chuoni aruhusiwe kucheza mchezo mzuri apumzike na taabu ya chuo, maana kumzuia kucheza na kumlazimisha kusoma daima huuua moyo wake na huifisha akili yake, mpaka akatafuta hila ya kukikimbia chuo. Haya ameyasema Hujjatul Islam, si mtu mpenda mchezo.

Tano, mwalimu awahurumie wanafunzi kama watoto wake, wala asimtupie mwanafunzi lile ambalo akili yake haijalifikia, likamkimbiza. Na mwenye fahamu ndogo apewe lililo wazi linalomwelea, wala asiambiwe ya kuwa nyuma yake kuna jambo la ndani analofichwa, kwani hilo litamvunjia hamu ya lile aliloliweza.

KURUDI KUSOMESHA, NA KUFARIKI KWAKE

Mwaka 499 wa Hijra, 1106 wa Miladi, alirudi kusomesha katika Nidhamiya ya Nishapur kwa kuitwa na waziri Fakhrul Mulk, mwana wa Nidhamul Mulk. Amesema ya kuwa hata kama kwa mwili amerudi, kwa kweli hakurudi, maana zamani alikuwa akiifundisha elimu ya kuchumia cheo, na sasa anaifundisha elimu ya kukiachia. Darasa ni moja, mwalimu ni mmoja, na kazi ni mbali mbali kama usiku na mchana.

Baadaye alirejea Tus, akajenga kando ya nyumba yake madrasa ya wanafunzi na mahali pa masufi, akazigawa saa zake baina ya kukhitimu Qurani, na kukaa na wachaji, na kusomesha. Na katika siku zake za mwisho aliikabili elimu ya hadithi na kuzisoma Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Tazameni mtu aliyeitwa hoja ya Uislamu, ameketi tena kama mwanafunzi. Alifariki huko Tus siku ya Jumatatu, mwezi 14 Jamadi al-Akhiri mwaka 505 wa Hijra, sawa na 18 Desemba 1111, umri wake miaka 55. Imepokewa kwa ndugu yake Ahmad ya kuwa asubuhi ile alitawadha, akasali, akaitaka sanda yake, akaibusu na kuiweka juu ya macho yake, akaelekea Kibla, akafa kabla ya jua kupanda.

KHATIMA

Ndugu zangu, lau mnyang'anyi asingalimcheka, labda Ghazali angalibaki mtu wa makaratasi. Lau angalisimama katika kuhifadhi, angalikuwa sanduku la maneno ya wengine. Lau angalisimama katika kubishana, angalikuwa bingwa wa vikao na moyo mtupu. Na lau angalitaka kuonja kabla ya kushika na kupima, angalipotea kama walivyopotea wajinga wengi wanaodai uwalii. Kila daraja ilikuwa na wakati wake, na kila moja ilibebwa na iliyo chini yake.

Basi enyi wazazi, msiwatoe watoto chuoni kwa kuwa hawajafahamu, wala msiridhike na kukhitimu kwao mkadhani kazi imekwisha. Karamu ya khitima ni mwanzo wa safari. Na enyi walimu wenzangu, punguzeni bakora na zidisheni subira, na akija kijana na swali, msimwone kuwa ni adui. Na enyi vijana mlioanza kupima, msiwadharau waliowashikisha alifu, kwani hicho mnachokipima ni wao waliowatilia mkononi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Ghazali, na atunufaishe kwa elimu yake, na awafungulie watoto wetu fahamu kadiri ya umri wao, na asitufishe sisi hali akili zetu zingali changa. Amin.